Udongo badala ya sumu kila wiki: venye nafanya shambani Ruai, hatua kwa hatua

Kama umewahi kupanda nyanya Ruai, Njiru ama Kamulu, huku mashariki mwa Nairobi, hii unaijua. Unaingia shambani asubuhi, unagusa tawi moja tu, na chini ya majani wanainuka nzi weupe kama jivu limepulizwa, wanazunguka kidogo alafu wanarudi palepale. Ukigeuza jani unapata mayai yamejipanga, na jani lenyewe linanata juu ya ile maji ya sukari wanaachilia. Unaenda agroveti unauziwa dawa, wiki ya kwanza wanatulia, wiki ya pili wamerudi, unauziwa nyingine kali zaidi, na mwisho wa msimu umespray mara kumi na nyanya bado ina madoa.

Na kuna kitu kingine hatukiongelei. Ukimaliza kuspray unaosha pampu wapi? Mimi kwa miaka mingi nilikuwa naosha kwa mtaro ulio kando ya ploti, na huo mtaro mvua ikinyesha unaenda moja kwa moja Nairobi River, na hiyo mto inaingia Athi, Athi inakuwa Galana alafu Sabaki, inamwaga baharini karibu na Malindi. Njiani kote kuna watu wanachota, wananyunyizia sukuma, wananywesha ng'ombe. Siku moja nilimpata mtoto wa jirani amechutama chini kidogo ya mahali nimemwaga, anajenga nyumba ya matope na ile maji. Nilimwosha mikono na sabuni mara tatu, na tangu hiyo siku sijawahi kuosha pampu kwa mtaro.

So hii mwongozo ni ya mambo matatu nayofanya na udongo wa kawaida uliorekebishwa kidogo: kuzuia wadudu kwa nyanya na hoho, kushika maji machafu ya pampu isifike mtoni, na kuhifadhi mahindi bila kuchanganya na sumu. Si uchawi, na kuna mahali udongo haufanyi kazi, nitasema.

Kwanza jua unashika udongo gani

Udongo si kitu kimoja. Ule mweupe, kaolini, ni vipande vidogo sana bapa, vimeshikana, havivimbi na havishiki kemikali sana. Ule mweusi wetu wa blakkotoni, unaonata kwa gumboot ukiwa na mvua na kupasuka nyufa za kuingiza mkono ukikauka, umejaa madini ya familia ya bentonaiti. Hayo yako kama kurasa za kitabu, maji inaingia katikati ya kurasa na zinafunguka, ndio maana unavimba. Katikati ya hizo kurasa ndiko kemikali nyingi zenye chaji chanya zinanaswa. Wataalamu wana kipimo cha huo uwezo wa kunasa, na bentonaiti safi hupata kati ya 80 na 120 wakati kaolini ni kama 3 mpaka 15 tu. Blakkotoni ya shambani ina mchanga na vitu vingine so haifiki hapo, lakini iko mbali sana na ule mwekundu wa Kiambu na Kabete, ambao una kaolini na kutu ya chuma.

Kuna dawa ya magugu inaitwa parakwati, ni sumu mbaya sana, na mtu akiinywa moja ya vitu hospitali humpa haraka ni udongo wa aina hii ama makaa maalum, juu udongo unaikamata kwa tumbo kabla haijaingia kwa damu. Hiyo ndio nguvu tunaongelea. (Si kitu cha kujaribu nyumbani, mtu akinywa sumu kimbia hospitali na chupa yake mkononi.)

Aina ya tatu ni diatomaiti, ambayo kusema ukweli si udongo wa mfinyanzi. Ni maganda ya mimea midogo sana ya majini iliyokufa ikalala chini ya ziwa miaka mingi. Yetu inachimbwa Kariandusi, pale karibu na Gilgil ukienda Nakuru. Ni nyeupe, nyepesi kama unga wa ngano, lakini chini ya darubini ina makali.

Kazi ya kwanza: koti nyeupe ya nyanya

Hii mbinu ilitengenezwa na watafiti wa idara ya kilimo ya Marekani huko West Virginia miaka ya 1990, na kaolini iliyochomwa na kusagwa laini ikauzwa kwa jina Surround. Wazo ni rahisi. Unafunika mmea na vumbi jeupe, mdudu akitua anapata uso ambao hautambui, chembe zinamshika miguu na mdomo, anajipangusa badala ya kula na kutaga mayai, mwishowe anahama. Haumuui mdudu kwa sumu kwa hivyo hawezi kuzoea vile anazoea dawa. Na ile rangi nyeupe inarudisha jua, kwa hivyo hoho na nyanya haziungui yale mabaka meupe ya Januari na Februari.

Kaolini nanunua kwa wale wanauza malighafi ya rangi na vyombo vya udongo, Industrial Area hukosi. Ile ya kupaka uso inauzwa kwa pakiti ndogo na bei yake haina maana kwa shamba. Odowa, yale mawe akina mama wajawazito hula, usisage ukaspray, juu hujui imetoka wapi na ina nini ndani. Ukifika nyumbani na kaolini yako weka kijiko kimoja kwa sahani, mwagia siki. Ikitoa mapovu imechanganywa na chokaa, rudisha.

Sasa kuisafisha, na hapa usiruke, juu mchanga ukibaki utaziba nozeli na kukwaruza majani. Chukua ndoo ya lita 20, weka maji, mwaga kilo mbili za kaolini polepole ukikoroga na mwiko mrefu mpaka iwe kama maziwa. Wacha itulie dakika tano kamili, usiongeze na usipunguze. Chembe kubwa zinashuka haraka, mchanga laini unashuka sentimita 10 kwa chini ya dakika moja, lakini chembe ndogo kabisa za udongo zinachukua kama saa 8 kushuka hizo sentimita 10. Kwa hivyo baada ya dakika tano yaliyo juu ndio mazuri. Mimina kwa ndoo ya pili kupitia kitambaa cha leso kuukuu, simama ukiona uji mzito wa chini unaanza kufika mdomo wa ndoo. Ule uji wa chini tupa kwa njia ya kupitia watu, hauna shida. Ndoo ya pili funika, wacha siku mbili, mwaga maji safi ya juu, alafu anika lile tope kwa gunia safi juani. Likikauka vunjavunja, chekecha. Kama umenunua ile imesagwa laini tayari na siki imekubali, hii hatua unaweza ipita, lakini jaribu kidogo kwa pampu kwanza.

Kipimo: kilo moja kwa pampu ya lita 20, yaani gramu 50 kwa lita. Usimwage unga moja kwa moja ndani ya pampu, utapata donge ambalo halivunjiki mpaka jioni. Korogea kwa kasufuria kwanza na maji kidogo kama unapika uji wa mtoto, ukiwa laini ndio unaongeza. Weka sabuni ya maji ya kawaida, vijiko vitano vya chai kwa pampu nzima, ndio ishike jani badala ya kukusanyika kwa matone. Chuja ukimimina.

Spray asubuhi umande ukishakauka, na pande zote mbili za jani. Narudia, chini ya jani, juu nzi weupe ndiko wanaishi, na watu wengi wanaspray juu alafu wanasema udongo ni uongo. Tikisa pampu kila mistari miwili juu udongo unashuka. Wacha ikauke saa moja hivi, rudia mara ya pili. Jani likikauka likae kama limepakwa unga wa chapati kwa mkono, ukiona kijani kibichi kinang'aa hujafika, na ukiona ganda nene linapasuka umezidisha.

Rudia kila siku 7 mpaka 14, na kila baada ya mvua iliyoosha. Kwa hivyo msimu wa mvua ndefu, Machi mpaka Mei, mimi situmii kabisa kwa nyanya za nje, ni kutupa pesa. Ndani ya grinhausi ni sawa. Wakati wake mzuri Nairobi ni Januari na Februari, na Agosti Septemba. Na anza mapema, mmea ukiwa na majani sita ama nane, wadudu wakiwa wachache. Ukianza wakati mmea umeshavamiwa unafungia mwizi ndani ya nyumba.

Ili ujue kama inafanya kazi tundika karatasi za njano zenye gundi, mbili tatu, hesabu nzi kabla na baada ya wiki mbili, andika. Mimi huandika kwa ukuta wa stoo na chaki.

Sasa pale haufanyi kazi. Tuta, yule kiwavi anachimba mapito ndani ya jani la nyanya, akishaingia ndani udongo haumfikii, unasaidia tu kidogo kwa nondo anayekuja kutaga. Utitiri mwekundu mwangalie sana, juu vumbi linasumbua pia wadudu marafiki wanaowala, so ukiona vinukta vya njano na utando mwembamba chini ya jani, simamisha udongo na osha majani na maji ya presha. Na sukuma wiki? Watu huniuliza. Inawezekana, lakini jani ndilo unakula na ndilo unauza, na mama wa soko hataki sukuma nyeupe. Mimi kwa sukuma natumia neti. Nyanya na hoho unaosha tu kwa ndoo na kitambaa, pale kwa kikonyo unasugua na kidole.

Kazi ya pili: shimo la kuoshea pampu

Hapa ndipo moyo wangu uko. Kaolini imenipunguzia kuspray sana lakini sijaacha kabisa, kuna wakati bleiti, ule ugonjwa wa ukungu unaokausha majani, inaingia usiku mmoja wa baridi ya Julai na lazima utumie dawa. Basi ile maji ya kuosha pampu iende wapi?

Uswidi walianza miaka ya 1990 kutengeneza mashimo yenye tabaka la udongo chini na mchanganyiko wa nyasi kavu juu. Dawa inanaswa hapo, alafu kuvu na bakteria wanaokula nyasi wanaivunja polepole. Wazo nimelichukua nikalifanya na vitu vya hapa.

Shida ya blakkotoni ni ileile tunaijua, ikikauka inapasuka, na maji ya sumu inapita kwa nyufa kama kwa bomba bila kuguswa na udongo. Kwa hivyo tunairekebisha na magadi. Ndiyo, magadi ileile ya kulainisha githeri, inatoka Ziwa Magadi. Udongo mweusi mara nyingi una kalisi (kalsiamu) nyingi kati ya zile kurasa, na kalisi inazibana. Magadi ina sodiamu, sodiamu ikiingia mahali pa kalisi kurasa zinafunguka zaidi, udongo unavimba vizuri na unaziba. Hata viwanda vya bentonaiti hufanya hivyo na soda.

Jaribu kwanza kwa glasi mbili ndio uone na macho yako. Kila glasi weka kijiko cha udongo mweusi uliosagwa na maji, moja ongeza magadi kidogo tu, kiasi cha kuchota na vidole viwili. Koroga zote, wacha usiku. Asubuhi yangu ile ya kwanza glasi ya kawaida ilikuwa imeanza kung'aa juu, ile ya magadi bado ilikuwa nyeusi mpaka juu kama chai ya rangi iliyopitishwa. Kama glasi zako hazina tofauti, tafuta udongo wa mahali pengine, chimba chini zaidi ya nusu mita ambapo hakuna mizizi.

Shimo la mkulima mdogo anayetumia pampu ya mgongoni ni mita moja kwa moja, kina sentimita 75 hivi. Liwe mbali na kisima na mto, mahali maji ya mvua haipiti. Udongo mweusi anika, ponda, chekecha na wavu wa kuchekechea mchanga. Kwa kila kilo 30 za udongo mkavu changanya kilo moja ya magadi iliyosagwa, vaa glavu juu magadi inachoma ngozi. Changanya ikiwa kavu mara mbili na jembe, alafu ongeza maji kidogo kidogo mpaka ishikane kama ugali mgumu. Funika na magunia yaliyoloweshwa, wacha siku tatu, kila siku kanyaga na miguu yenye gumboot.

Panga hilo tope chini ya shimo unene wa sentimita 15, na upandishe kwa kuta. Pigilia na kipande cha mbao mpaka uso ung'ae. Mwaga ndoo moja ya maji safi, weka alama na kijiti mahali maji imefika, wacha usiku umefunika. Yakishuka kidogo ni sawa, yakiisha yote kuna ufa, utafute. Usiache tabaka likauke hata siku moja, siku hiyohiyo jaza mchanganyiko: nusu nyasi kavu zilizokatwa fupi ama mabua ya mahindi, robo mboji iliyoiva, robo udongo wa juu wa shamba. Huo mchanganyiko uwe umekaa kama wiki nne umeloweshwa kabla, ndio kuvu washike. Ukifunua uone nyuzi nyeupe kati ya nyasi na harufu ya msitu baada ya mvua, uko tayari. Juu panda majani, na weka kipande cha mabati kilichoinuliwa ili mvua isijaze shimo.

Matumizi: chupa ya dawa ikiisha osha mara tatu, na hiyo maji ya kuosha chupa inarudi ndani ya pampu unaspray kwa zao. Pampu ikiisha unaongeza lita mbili tatu za maji, unaspray pia kwa zao, alafu ile ya mwisho ya kuosha nje na ndani ndio inaingia shimoni. Shimo si la kumwaga dawa iliyoexpaya. Na dawa za shaba (ile bluu ya bleiti) shimo linazishika lakini haliwezi kuzivunja, shaba ni metali, itabaki pale, so zitumie kidogo sana.

Nyasi zinaoza zinashuka, kila mwaka unaongeza. Baada ya miaka kadhaa ukibadilisha mchanganyiko usiuweke kwa mboga, ulundike mahali umefunikwa mwaka mwingine, alafu peleka kwa ua wa nje ama miti ya kivuli.

Mtu akikuambia uongeze nguvu ya udongo na asidi ya betri, kataa. Ni kweli viwanda hutumia asidi, lakini asidi ya betri kuukuu ina risasi, na utakuwa umeweka sumu mpya ukitoa ya zamani.

Kazi ya tatu: mahindi ya gunia

Hii ni fupi. Fukusi na Osama, yule mdudu mkubwa anayegeuza mahindi kuwa unga ndani ya gunia, wote wana nta nyembamba kwa ngozi inayozuia maji ya mwili isitoke. Diatomaiti inafyonza na kukwaruza hiyo nta, mdudu anakauka. Kwa hivyo inafanya kazi mahindi yakiwa makavu tu. Pima hivi: chupa ya glasi kavu kabisa, weka mahindi na chumvi kavu, tikisa dakika chache, chumvi ikishika kwa glasi mahindi bado yana maji zaidi ya asilimia 15, rudisha juani. Lengo ni chini ya 13.5.

Kwa gunia la kilo 90 weka gramu 90, na kama kwenu kuna Osama panda mpaka kama gramu 225. Changanya kwa turubai na koleo, nje, upepo ukiwa nyuma yako, na maski ya vumbi usoni. Kununua, chukua ile imeandikwa ni ya nafaka na ina namba ya usajili wa bodi ya dawa za wadudu. Ile ya kuchujia maji ya swimming pool imechomwa kwa moto mkali na ina silika inayoharibu mapafu, usiiguse kwa chakula. Kabla ya kusaga, pepeta mahindi kwa ungo, vumbi linaenda na makapi.

Diatomaiti haiondoi aflatoksini. Mwaka 2004, hasa kule Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa mahindi yenye hiyo sumu ya kuvu, na hayo mahindi hakuna unga ungeyaokoa. Punje ikiwa ya kijani ama imenuka uvundo, hiyo ni ya kuchimbiwa shimo, na usimpe ng'ombe, juu inatokea kwa maziwa.